Bosi anakoroma kwa kuvuta pumzi alfajiri: nisubiri au nimkimbize kwa daktari?

Mlezi wa Bosi

Habari zenu wadau. Naomba msaada, maana tangu saa kumi alfajiri sijafumba jicho.

Nina mbwa dume anaitwa Bosi. Ana miaka 11, mkubwa wa kimo, mama yake alikuwa Labrador na baba hatumjui. Uzito wake ni kilo 38, na najua zimezidi. Kwa wiki tatu sasa kuna kitu kinamshika alfajiri. Anaamka ghafla, anasimama, anatanua miguu ya mbele mpaka viwiko vinatoka nje, shingo anaivuta mbele kama anayechungulia uvunguni, halafu anavuta pumzi kwa pua kwa nguvu mfululizo: khrrk, khrrk, khrrk. Mdomo ameufumba. Macho yanamtoka. Ukimsikia ukiwa chumba cha pili unasema huyu anakata roho. Kinachukua kama nusu dakika, kisha anameza mate, anajilamba pua, anatikisa mkia na kurudi kulala kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi ndiye ninayebaki nimekaa kitandani nikitetemeka.

Imetokea mara nne. Ya leo nimeirekodi, sekunde kama 20 hivi, ingawa mkono ulikuwa unacheza.

Nimemmulika puani kwa tochi, sioni kitu. Hana makamasi, hatoki damu. Anakula vizuri sana. Akinywa maji anakohoa kidogo kama mtu aliyepaliwa, lakini hilo ni la siku nyingi na nimelizoea. Matembezi tumeyapunguza kwa sababu anachoka haraka na pumzi yake inakwaruza, nadhani ni uzee na unene. Hata kubweka kumepungua nguvu. Zamani geti likigongwa majirani wote wanajua, siku hizi sauti inatoka imekauka kama ya mtu mwenye mafua.

Swali langu ni hiyo mikoromo ya alfajiri. Ni pumu? Ni moyo? Nisubiri nione, au niende leo leo? Tafadhali, aliyewahi kuona kitu kama hiki aniambie ukweli hata kama ni mchungu.

---

Kamba Ndefu

Pole dada. Hayo yanaonekana kama mafua tu, hewa ya alfajiri ina ubaridi. Wa kwangu aliwahi kukohoa hivyo nikampa sirapu ya kikohozi ya watoto, nusu kijiko, akapona baada ya siku mbili. Jaribu hiyo kwanza kabla hujahangaika.

---

Mzee wa Duma

Dada, pole sana. Na kaka Kamba Ndefu, najua umesema kwa nia njema, lakini dada nakuomba usimpe hiyo sirapu. Dawa nyingi za mafua na kikohozi za binadamu huchanganywa na vitu visivyomfaa mbwa. Paracetamol inaweza kuharibu ini lake na damu yake, ibuprofen inachoma tumbo na figo, na kuna sirapu zinazotiwa utamu wa xylitol ambao kwa mbwa ni sumu kabisa. Mbwa wako kaka alipona, nashukuru, lakini usimpe tena.

Sasa nije kwa Bosi. Nimesoma maelezo yako mara tatu, na nitakuambia kitu ambacho huenda hukukitarajia: hiyo mikoromo ya alfajiri iliyokunyima usingizi sidhani kama ndiyo inayostahili hofu yako. Jinsi ulivyoieleza, viwiko nje, shingo mbele, mdomo umefungwa, pumzi inavutwa kwa pua mfululizo, kisha anameza na yote yanakwisha, hiyo ni kama chafya iliyogeuzwa. Chafya ya kawaida inatoa hewa, hii inaivuta ndani. Kitu kinawasha pale nyuma ya pua, juu ya kaakaa laini, iwe vumbi, manukato, au ute tu, na koo linajikaza. Inatisha, lakini mbwa wengi huipata maisha yao yote wasiumwe. Muuguzi akipita hapa atanisahihisha.

Kinachonitia hofu mimi ni yale matatu uliyoyapita haraka haraka. Anapaliwa akinywa maji. Pumzi inakwaruza akitembea. Na sauti ya kubweka imebadilika. Kwa mbwa mkubwa, mwenye damu ya Labrador, wa miaka 11. Dada, nilipofika hapo nilisimama.

Nilikuwa na mbwa anaitwa Duma. Labrador, wa rangi ya mchanga mbichi. Alipofika miaka 10 kubweka kwake kulianza kukauka. Tukasema amezeeka. Baadaye tukitembea nikawa namsikia nyuma yangu kabla sijamwona: haaa, haaa, sauti nzito ya kukwaruza kila anapovuta pumzi. Tukasema amenenepa. Nilimpeleka kwa daktari mara mbili, mara zote mbili nikaambiwa ni mkamba, nikapewa antibiotiki. Simlaumu sana daktari yule. Chumbani kwake Duma alikuwa ametulia, amelala kwenye sakafu ya baridi, pumzi haisikiki. Na mimi sikumwambia habari ya kubweka kwa sababu sikujua kwamba kubweka kuna uhusiano wowote na kupumua.

Uhusiano upo. Pale juu ya koo la hewa, kwenye zoloto, kuna vipande viwili vya gegedu, ile tishu ngumu inayopindika kama ya sikio, vinavyokaa kama milango. Mbwa akivuta pumzi, misuli inaifungua kando. Akimeza, inaifunga ili maji na chakula visiingie mapafuni. Na nyuzi za sauti zimeshikana na milango hiyo hiyo. Neva inayoendesha misuli hiyo ni ndefu mno, inashuka mpaka kifuani ndipo inapanda tena kooni, na kwa mbwa wakubwa wenye umri huwa inakufa polepole. Ikifa, milango inalegea katikati ya njia. Hapo sauti inakauka, maji yanapenyeza, na pumzi inakwaruza. Kibaya zaidi ni kwamba kadiri mbwa anavyovuta kwa nguvu, ndivyo hewa inavyoinyonya ile milango na kuizidisha kubana. Kwa hiyo akihangaika anajikaba mwenyewe.

Siku ya Duma ilikuwa mchana wa jua kali. Alimwona paka, akamfukuza mpaka kwenye uzio na kurudi. Hatua labda 60. Aliporudi alikuwa anapumua kwa sauti kama msumeno kwenye ubao mbichi. Hakutaka kulala, alisimama tu, kichwa mbele, mbavu zinaingia ndani kila akivuta. Ulimi ukaanza kugeuka zambarau. Nikamvuta kivulini, nikakaa naye, nikawa namwambia pole, pole. Baada ya dakika kadhaa sauti ikapungua.

Nilifurahi. Sitasahau kwamba nilifurahi. Nilidhani anatulia. Kumbe sauti imepungua kwa sababu hewa yenyewe imepungua, hakuna tena cha kukwaruza. Miguu ya nyuma ikamwishia akakaa chini kama mtoto. Ndipo nilipomwagia ndoo ya maji na kumbeba.

Kliniki walimpima joto wakakuta 41.3, wakati mbwa wa kawaida hupita kidogo tu 38 au 39. Wakampa dawa ya kumtuliza, oksijeni, maji mwilini na feni, na ikabidi wamlaze kabisa wampitishie bomba kooni. Daktari wa zamu alipofungua mdomo kuweka lile bomba ndipo alipoona: milango yote miwili imelala, haifunguki hata kidogo. Baada ya siku chache alifanyiwa upasuaji, upande mmoja wa gegedu ukavutwa na kushonwa ubaki wazi. Alipona. Aliishi miaka miwili na miezi minne mingine, akapata nimonia mara moja tukaiwahi. Hakubweka tena vizuri, lakini alilala usiku bila kuhangaika, na mimi pia.

Sasa naomba ufanye mambo mawili leo. Kaa sakafuni ubavuni kwake akiwa ametulia, weka kiganja kwenye mbavu, fumba macho usikilize. Sauti inakuja mbavu zinapopanda au zinaposhuka? Ikija akivuta pumzi, tatizo mara nyingi liko juu, pua mpaka zoloto. Ikija akiitoa, kama filimbi hivi, mara nyingi liko chini, kwenye vijia vya mapafuni. Daktari atashukuru sana ukimwambia hilo.

La pili, mwangalie kucha za miguu ya nyuma. Zile mbili za katikati. Angalia upande wa juu, sio ncha. Halafu uniambie.

---

Muuguzi wa Paka na Mbwa

Nafanya kazi ya uuguzi kwenye kliniki ya wanyama, huu mwaka wa 9. Mzee wa Duma ameeleza vizuri kuliko vile sisi huwa tunaeleza mapokezini tukiwa na haraka. Naongeza machache.

Kweli, ile ya alfajiri inafanana na chafya ya kuvuta ndani. Ikimshika, usimtikise wala usimpige mgongoni. Msugue koo taratibu kutoka juu kwenda chini, au mzibe pua kwa sekunde moja tu ameze mate, mara nyingi inakatika. Nyingine huacha yenyewe hata usipofanya kitu. Ila isije ikatumika kama jina la kila mkoromo. Ikianza kuja mara nyingi kwa siku, au kukiwa na damu au makamasi ya tundu moja la pua, au akiwa anajikuna uso kwa mguu, hapo huenda kuna mbegu ya nyasi, utitiri wa puani, au uvimbe, na lazima achunguzwe.

Kuhusu haraka, mimi sipimi kwa ukubwa wa sauti. Kuna mbwa wa uso bapa, wale bulldog na pug, wanaokoroma mchana kutwa, na kuna mbwa mwenye maji kifuani anayekufa kimya kimya. Ninachoangalia ni kazi anayoifanya ili apate hewa. Tumbo linasukuma kila pumzi? Viwiko viko nje muda wote, sio nusu dakika? Anakataa kulala chini, au akilala anainuka tena? Kichwa amekinyoosha, mdomo wazi ilhali hapana joto wala hajakimbia? Moja ya hayo likiwepo, usisubiri asubuhi, usiulize mtandaoni, nenda. Piga simu ukiwa njiani ili wakute oksijeni iko tayari.

Na fizi. Inua mdomo wa juu uangalie. Ziwe na rangi ya waridi. Zikiwa za buluu, kijivu au nyeupe, hiyo ni dharura hata kama mbwa anatikisa mkia. Wapo wenye fizi nyeusi za kuzaliwa, hao angalia ulimi au vuta chini kope la chini uone utando wa ndani.

Jambo ambalo natamani kila mwenye mbwa mzee alijue ni kuhesabu pumzi za usingizini. Akiwa amelala fofofo, haoti, miguu haichezi, hesabu mbavu kupanda na kushuka kuwa ni pumzi moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili. Mbwa wengi wazima hukaa chini ya 30 kwa dakika. Ikizidi 30, ukarudia baada ya muda bado iko juu, piga simu siku hiyo hiyo, kwa sababu mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya moyo kushindwa, maji yanaanza kukusanyika mapafuni kabla hata hajakohoa. Andika namba kwenye daftari kila wiki akiwa mzima, ili siku ikibadilika ujue imebadilika kutoka wapi.

Sehemu moja tu ningependa kuirekebisha kwa heshima, Mzee wangu. Kumpoza kunaanza hapo hapo alipo, kabla ya kivuli na pole. Maji ya kawaida mwili mzima, upepo, kisha safari. Wewe ulimwagia mwishoni na ulimwokoa, lakini anayesoma leo ajue ndiyo iwe hatua ya kwanza. Na njiani usimlaze kwa ubavu kwa nguvu, usimshike shingo, usimfunge mdomo. Mwache akae anavyotaka, madirisha wazi, watu wapunguze kelele. Hofu yenyewe inamaliza hewa. Hata sisi tukimpokea hatumkimbilii kumlaza kwenye eksirei, tunampa oksijeni kwanza na kumwacha atulie.

Dada, wa kwako kwa maelezo haya sio wa kukimbizwa usiku huu kama anapumua bila kujitahidi akiwa amepumzika. Ila ni wa kuonwa ndani ya siku moja mbili, na mpeleke asubuhi kabla jua halijapanda. Leo hakuna matembezi. Mvue kola.

---

Kidogo Lakini

Naomba nichangie kwa faida ya wenye mbwa wadogo, maana wengi mtasoma hapa mkadhani ni ugonjwa wa wakubwa tu. Wa kwangu ni Yorkshire terrier, kilo 3 na nusu. Yeye sauti yake ilikuwa kikohozi kikavu kama bata bukini anapolia, honk, honk, kila akivutwa kamba au akifurahi mgeni akija. Ni koo la hewa lenyewe, zile pete za gegedu zimelegea na kubonyea. Tulibadilisha kola tukamvalisha mkanda wa kifuani, tukampunguza uzito, akapewa dawa ya kutuliza kikohozi ya daktari, na sasa hupita hata wiki nzima hajakohoa. Lakini nilichelewa miezi kwa sababu nilidhani ana kitu kimemkwama, nikawa nachokonoa kooni kwa vidole. Msifanye hivyo. Nilimuumiza na sikutoa kitu.

---

Mlezi wa Bosi

Wakuu, nashukuru mpaka sijui niseme nini. Mzee wa Duma, shikamoo.

Nimekaa naye sakafuni baada ya chakula cha mchana. Mwanzo sikusikia kitu. Kisha mtoto akaingia na mpira, Bosi akainuka akafurahi, akazunguka chumba mara mbili akalala tena, na hapo ndipo niliposikia. Inakuja mbavu zinapopanda. Haaa. Ikishuka hakuna kitu, kimya. Nimeishi na sauti hii labda nusu mwaka nikiiita uzee.

Na kucha. Zile mbili za katikati, miguu yote miwili ya nyuma, zimelika kwa juu mpaka zimekuwa bapa, ya kushoto kuna kialama cha damu iliyokauka. Nikakumbuka kuna sauti ya kukwaruza kwenye vigae akipita ukumbini usiku, shwaa, shwaa. Nilikuwa nasema anavivuta miguu kwa uvivu. Mzee, ulijuaje?

Usingizini nimehesabu mara mbili, 20 na 22. Fizi ni za waridi. Kola nimeivua, nywele za shingoni zimelala zimeacha mstari. Kliniki wamenipa nafasi kesho saa mbili asubuhi, nimewaambia nina video wakasema niilete.

---

Mzee wa Duma

Marahaba mwanangu.

Nilijua kwa sababu Duma naye alikuwa hivyo. Daktari aliyempasua alinieleza kwamba kwa wengi wao haikomei kooni. Neva ndefu ndizo zinazotangulia kuchoka, na baada ya ile ya zoloto ndefu nyingine ni zile zinazokwenda miguu ya nyuma. Kwa hiyo mbwa anaburuza vidole bila kujua, na kucha zinalika upande ambao hazikupaswa kugusa chini. Mimi nilikuwa nimezikata hizo kucha kwa mkono wangu miezi na sikuuliza mbona ziko hivyo.

Usijilaumu. Ameanza kuonwa kabla ya siku ya jua kali, mimi sikufanikiwa hivyo. Kesho mwambie daktari neno hili: kubweka kumebadilika. Aanze nalo. Uwe umempeleka kabla hajala, maana huenda wakataka kumpa usingizi mwepesi wamchungulie.

Na ukifika, usikae naye kwenye foleni penye mbwa wengine wanaobweka. Kaa nje kivulini, waombe wakuite.

---

Mlezi wa Bosi

Samahani kwa kukaa kimya siku tatu.

Ni zoloto. Daktari alianza na video, akasema ile ya alfajiri ni chafya ya kuvuta ndani kama mlivyosema, nisiihofu. Kisha nikamwambia habari ya kubweka na kucha. Aliacha kuandika. Akamtembeza Bosi kwenye korido, akageuza nyayo za nyuma zikae kwa mgongo aone kama atazirudisha. Wa kulia aliurudisha baada ya kitambo. Wa kushoto aliuacha umekunjwa hivyo hivyo, amesimama, ananitazama. Nililia hapo.

Walimpa dawa kidogo tu ya usingizi, wakamulika kooni huku muuguzi akisema kwa sauti kila Bosi anapovuta pumzi, "anavuta, anavuta", ili daktari ajue milango inapaswa kufunguka lini. Wa kushoto haufunguki kabisa. Wa kulia unafunguka kidogo, unachelewa. Walitazama na nyuma ya kaakaa wakakuta pako safi. Eksirei ya kifua haina nimonia, na umio, yaani njia ya chakula kwenda tumboni, haujatanuka, jambo ambalo daktari alifurahi nalo sana kwa sababu wangekuta umetanuka upasuaji ungekuwa wa hatari zaidi. Damu imechukuliwa kupima tezi ya thiroidi.

Tumekubaliana upasuaji, kabla miezi ya joto haijaanza. Mpaka siku hiyo: mkanda wa kifuani, matembezi mafupi alfajiri na usiku tu, apungue kilo walau 4, na chakula kiwe cha kuvingirishwa vidonge vidonge, sio kikavu cha kumwagika mdomoni. Amenieleza wazi kwamba ule upande ukishonwa wazi hautafunga tena akimeza, kwa hiyo hatari ya chakula kuingia mapafuni itakuwepo maisha yake yote, na kuogelea basi. Nimekubali. Miguu hakuna cha kushona, itaendelea kudhoofika polepole, tutatandika mikeka kwenye vigae.

Nina swali moja limebaki. Maji. Anakunywa kwa pupa, anapaliwa. Bakuli niliinue au niache chini?

---

Muuguzi wa Paka na Mbwa

Hongera kwa kumwahisha. Hapo kila daktari ana mtazamo wake, wengine wanapenda liinuliwe, wengine liwe chini, muulize wako ambaye ameliona koo lenyewe. Ninachokuhakikishia ni kwamba maji machache mara nyingi ni bora kuliko bakuli lililojaa mara moja. Mwekee kidogo, anywe, apumzike, umwongeze. Asinywe akiwa bado anahema kutoka nje, subiri pumzi ishuke kwanza. Akikohoa kikohozi chenye maji, akaacha kula, au akapata homa wakati wowote, kabla au baada ya upasuaji, hiyo ni nimonia mpaka ithibitike vinginevyo, mlete siku hiyo hiyo.

---

Mlezi wa Bosi

Nimeelewa. Namwekea kikombe kimoja kimoja.

Leo alfajiri ile khrrk ilimshika tena. Sikuwasha taa. Nilimsugua koo kutoka juu kwenda chini, akameza, ikaisha. Nikabaki na kiganja mbavuni mpaka akalala, nikahesabu, 18.